Kwa Nini Sikumtumia Mdogo Wangu Ile Seti ya Vipande Mia Mbili

Mama alinipigia Jumapili moja, na kabla sijamaliza kumwamkia nikajua kuna jambo. "Mwanangu, mdogo wako amekasirika. Anasema alikuomba vifaa vya kazi, wewe umemtumia vyuma vya kujaza mfuko wa sukari."

Vyuma hivyo ni kumi na viwili. Nilivifunga kwenye taulo nikamwomba dada mmoja wa hapa Columbus, aliyekuwa anakwenda Dar kwenye harusi, avitie kwenye begi lake. Mdogo wangu, saidia fundi wa magari, alikuwa ameona picha ya sanduku jeusi la spana lenye vipande zaidi ya 200, vinang'aa, kila kimoja na kitundu chake, akaniandikia: kaka, huko kwenu hii si hela ya siku mbili tu? Ni kweli, pesa yake naipata. Sikuituma kwa sababu nimeshika spana miaka sita chini ya mwarobaini pale Buguruni, Dar, na miaka tisa huku Ohio, na jambo ambalo nchi zote mbili zimenifundisha haliingii kwenye meseji ya simu. Naliandika hapa, kwa ajili yake na kwa saidia fundi wote wanaoomba kitu hichohicho kwa ndugu zao walio nje.

Kwanza ile seti yenyewe. Ukiifungua ukahesabu, karibu nusu ni saizi za inchi: nusu, tisa kwa kumi na sita, robo tatu. Fundi wa Tabata anazifanyia nini? Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa nazo za inchi, za enzi za Bedford na Land Rover za zamani, zimelala kwenye debe la grisi. Halafu kuna biti ndogo ndogo za bisibisi, kila moja imehesabiwa kuwa kipande. Ukiondoa hizo, unabaki na vitu unavyoweza kuvihesabu kwa vidole vya mikono na miguu. Noah, IST, Vitz, Hiace, Land Cruiser, zote zinakufungukia kwa namba, yaani milimita, 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Kwenye magurudumu unaongeza 21. Basi. Barabara za Dar zimejaa gari za Kijapani na Mjapani ana namba zake.

Hili la namba lilinishika nilipoanza kazi huku. Mkono wangu ulikuwa unajua saizi kwa kuangalia bolti tu. Fundi alikuwa akisema "kumi na mbili" nami nimeshaishika. Siku ya kwanza wakanipa gari la Ford, nikaweka 14 ikacheza, nikaweka 12 ikagoma. Ilikuwa 13. Huku gari zao zinataka 13, 15, 18. Ilinibidi nifundishe macho upya kama mtoto anayesoma herufi.

Na bolti za Ohio zina ugonjwa wao. Wakati wa baridi barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, chumvi ambayo nyingine inachimbwa hapahapa jimboni, kwenye mgodi ulio chini ya Ziwa Erie pale Cleveland. Gari la miaka minane ukilinyanyua, chini yake utadhani limeopolewa baharini. Bolti imevimba kwa kutu, kona zake zimekonda, na ukiivalisha boksi, kile kikombe cha chuma kinachovaa kichwa cha bolti, ya pembe kumi na mbili, inateleza na kula kona zilizobaki. Hapo ndipo nilipojifunza kuheshimu boksi ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili inashika karibu na kona, pale bolti ilipo dhaifu; ya pembe sita inasukuma zaidi ubavu wa bolti. Spana nzuri za siku hizi nazo zimechongwa hivyo kwenye ringi, ule mwisho wake wa duara, zisukume ubavu na kuiacha kona.

Nyumbani bolti haziliwi na chumvi kwa kiasi hicho, labda gari lilale Kigamboni karibu na maji. Nyumbani bolti zinaliwa na spana. Gari linafika kwako limepita kwa mafundi wanne, na kila mmoja alikuwa na spana ya bei rahisi iliyopanuka mdomo, na bolti ya alterneta imeshakuwa duara. Unapiga patasi, unachomelea nati juu yake, kazi ya dakika kumi inamaliza asubuhi nzima na mteja anakuita fundi maiko. Ile spana ya elfu mbili ulishailipia mara kumi kwa muda wako na kwa jina lako.

Kuna la hatari zaidi. Siku hizi gereji nyingi nyumbani zina kompresa na mashine ya upepo ya kufungulia nati. Nimeona kwa macho yangu vijana wanaichomeka boksi ya kung'aa, ile ya krome, na kupiga nayo nati za gurudumu. Ile chuma ni ngumu lakini haivumilii mapigo. Inapasuka, na vipande vinaruka. Pale Buguruni kijana mwenzetu alichanwa juu ya jicho, sentimita moja chini yake angekuwa kipofu leo. Boksi za mashine ya upepo ni nyeusi, ukuta wake mnene, chuma chake kina kromiamu na molibdenamu, imetengenezwa ivumilie kugongwa. Ukiwa na mashine na huna boksi nyeusi, rudi kwenye spana ya mkono na bomba. Naomba hili mlichukulie kama amri ya kaka mkubwa.

Sasa nisije nikaonekana nasifia huku. Marekani fundi anakuja kazini na vifaa vyake mwenyewe. Gereji inakupa lifti, kompresa na mashine za kupimia; spana ni juu yako. Kila wiki linakuja gari kubwa, duka zima limo ndani, linaegesha mlangoni. Ni biashara ya zamani: Snap-on ilianza Milwaukee mwaka 1920, na Ohio hapa ndiyo nyumbani kwa Cornwell ya Wadsworth, iliyoanza 1919, na Matco ya Stow. Vifaa vyao ni vizuri, hilo sibishani na mtu. Racheti moja, ule mpini wa kuzungushia boksi, inapita dola 100, lakini inashika, meno yake ni madogo kiasi kwamba unafungua bolti kwenye upenyo usiotosha kiganja. Ikivunjika, muuzaji anakubadilishia palepale. Ukimsikiliza mtu wa nyumbani anayesema Wazungu wana spana zisizovunjika, mwambie zinavunjika. Tofauti ni kwamba kuna mtu amesimama nyuma yake.

Lakini muuzaji huyo ana daftari. Unachukua leo, unalipa kidogo kidogo kila wiki. Mwezi wangu wa pili nilisaini kabati la droo kumi na moja kwenye gari mojawapo, kwa sababu kila fundi pale alikuwa na kabati na mimi nilikuwa na ndoo. Nililipa miaka mitatu. Katikati ya miaka hiyo nilipata kazi nzuri zaidi upande wa pili wa mji, njia tofauti, muuzaji tofauti, nikaogopa kuhama kwa sababu ya deni. Nimefanya kazi na kijana wa miaka ishirini na mbili anayedaiwa pesa nyingi zaidi za vifaa kuliko za gari lake. Anaamka kila asubuhi kuhudumia droo.

Nyumbani kamba inayomfunga fundi iko upande mwingine. Pale Buguruni tulikuwa watu sita na spana namba 14 moja. Ilikuwa ya mkuu wetu. "Leteni kumi na nne!" na kila mtu anageuka kumtazama mwenzake. Nilipenda maisha yale, nayakumbuka. Ulijifunza kwa kusubiri, ukimshikia mwenzako unaona anavyofanya. Huku hakuna anayeazima. Jirani yangu wa kwanza aliniambia wazi: mara ya kwanza chukua, mara ya pili kanunue. Nilimwona ana roho mbaya. Baadaye nikafikiria, kwa nini nilikaa miaka sita kwa mkuu yule na kuchukua alichoamua kunipa jioni? Ufundi nilikuwa nao tangu mwaka wa tatu. Sikuwa na namba kumi. Saidia fundi asiye na namba kumi yake mwenyewe haondoki, hata awe na mikono ya dhahabu.

Kwa hiyo mdogo wangu, nilichokutumia ni mlango wa kutokea. Spana sita, 8 mpaka 19, mdomo upande mmoja na ringi upande mwingine, zilizotengenezwa Taiwan, ambako sasa zinatoka spana nzuri sana kwa bei ya kati. Racheti moja na ekstensheni yake. Boksi tatu ndefu za pembe sita, 10, 12 na 14. Na bisibisi moja ya nyota yenye mpini wa mbao, ambayo najua ndiyo iliyokuudhi zaidi.

Hiyo bisibisi naomba uitazame upya. Nyota unayoijua ni ya Phillips, mtu wa Oregon, ya miaka ya 1930. Mjapani ana nyota yake, inafanana lakini si ileile. Ukiingiza ya Phillips kwenye skrubu ya Kijapani haishuki mpaka chini, ukikaza inapanda na kutoka, na ndivyo kichwa kinavyokuwa shimo. Umeharibu vifuniko vingapi vya mafuta ya breki vya pikipiki? Wengi wetu tulidhani skrubu zile ni laini. Tafuta kidoti kidogo kwenye kichwa cha skrubu. Ukikiona, shika hiyo niliyokutumia. Inatoka kwa Vessel ya Osaka, na niliinunua kwa bei ndogo kuliko chakula cha mchana. Nchi inayoendeshwa na gari za Kijapani haina bisibisi za Kijapani kwenye gereji zake, na hili linaniuma kweli.

Wewe uliye nyumbani bila ndugu nje, hujaachwa. Zunguka mitaa ya Gerezani na Shauri Moyo, Dar, polepole, siku usiyo na haraka. Kwenye mafungu ya vyuma vya mtumba kunapatikana spana za Kijapani, zimepauka, mara nyingine na jina la KTC, kampuni ya vifaa ya Kijapani. Mimi ningechukua hiyo kabla ya mpya ing'aayo kwenye plastiki. Usisome maandishi ya kromu vanadiamu, maneno hayo yanapigwa mhuri hata kwenye chuma cha sufuria. Nenda na bolti mpya mfukoni, ya 12 na ya 14. Ivalishe, itikise: ikicheza sana, rudisha. Angalia midomo yote miwili iko sawa na ringi haina mshono. Nunua moja, kesho kutwa nyingine. Huku nami hufanya hivyohivyo Jumamosi, kwenye nyumba ambazo wazee wamefariki na familia inauza vitu uwanjani. Nimepata Craftsman za zamani za duka la Sears, na ubavuni mzee amechora herufi za jina lake, sawasawa na sisi tunavyoweka doti za kuchomelea.

Kuhusu kuazimana, kuna kitu kimoja cha huku ningekibeba kizima nikakishushe Ilala. Maduka makubwa ya spea, AutoZone kwa mfano, yanaazima vifaa vile unavyovihitaji mara moja kwa miezi: pula za beringi, vya kukandamizia springi, toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza. Unaacha amana ya bei kamili, ukirudisha kifaa ndani ya siku 90 unapewa yote. Duka linapata faida kwa spea unazonunua siku hiyo. Hebu fikiria silinda hedi ngapi zinafungwa Dar kwa kukisia, fundi anavuta mpaka mkono useme basi, na baada ya wiki mbili gasketi imeungua tena. Toki renchi fundi mmoja hainunui, lakini mwenye duka la spea anaweza, na mafundi watano wa mtaa mmoja wakichangishana wanaweza pia. Kitu kama hicho ndicho cha kushirikiana. Namba kumi iwe ya kwako.

Nilimweleza mama haya yote, naye akayapeleka. Wiki tatu kimya. Halafu mdogo wangu akanitumia picha bila maneno: spana sita zimelala juu ya kitambaa, kila moja imechorwa herufi mbili za jina lake. Nikamuuliza anaziacha wapi usiku, kwa kuwa gereji yao haina mlango. Akasema anarudi nazo nyumbani, na mama anazifunga kwenye khanga na kuzilaza chini ya kitanda chake. Namba 21 nyeusi itafuata, mwenzetu mmoja anasafiri mwezi ujao.