Umefikia kwa Nani?

Hapa kwetu Tanga, mtu mzima akionekana stendi ya Kange na begi, anaulizwa kwanza nani kafariki. Akisema hakuna msiba, linafuata la harusi, kisha la mtoto aliye bweni, kisha la mgonjwa. Ukijibu hapana kwa yote, ukasema unakwenda Lushoto kutembea tu, tena peke yako, anayekuuliza anashusha sauti: "Nyumbani kwema?"

Kijana akizurura husemwa anatafuta maisha. Wanaume wa rika langu wanaifuata timu yetu ya mpira, Coastal Union, mpaka Mwanza, na sijasikia hata mmoja akiulizwa kuhusu kwake. Mimi mwanamke ninayeikaribia hamsini ndiye ninayedaiwa sababu. Ndiyo maana nikisoma makala za kusafiri umri ukienda, zinazozungumzia magoti na mgongo tu, naona zimeacha jambo kubwa zaidi: ruhusa. Nani anakupa, nani anakunyima.

Na tuwe wakweli, kwa mwanamke umri umefungua milango mingine. Nilipokuwa binti, kuomba chumba gesti peke yangu kulikuwa ni kujitafutia jina. Mhudumu alichungulia nyuma yangu kuona nimekuja na nani, na usiku mtu nisiyemjua angeweza kunigongea. Sasa naingia na ushungi na miwani yangu, naamkiwa shikamoo, natafutiwa chumba kilicho mbali na baa. Dereva wa bajaji hanitongozi, ananipokea begi. Nawasikia mashoga zangu wakilalamika kwamba siku hizi hawatazamwi njiani. Mimi hilo nimelipokea kwa mikono miwili.

Ila shikamoo nayo ina gharama. Vijana waliokuwa wakicheka kwenye basi wananyamaza nikikaa karibu nao. Ukiwauliza samaki mzuri analiwa wapi, wanakuelekeza hoteli yenye viti vya mito, kwa heshima zote, wakati wao wanakwenda kula kwa mama ntilie nyuma ya soko. Inabidi uanze wewe: gawa karanga, tia utani. Nikiwakumbusha kwamba Coastal ilikuwa bingwa wa Bara mwaka 1988, wanaanza kubisha, na hapo tumeshakuwa watu wa safari moja.

Mwili nao una madai yake. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, na nadhani walishuka Irente, kule milimani Lushoto. Kupanda kunakuchosha pumzi tu, lakini katika kushuka kila hatua inautua uzito wote kwenye goti lililokunjwa. Fimbo naibeba bila haya. Dawa za presha zinakaa mkobani, haziendi kwenye buti ya basi. Siti nachagua ya upande wa njia, dirisha nawaachia wenye kupiga picha, kwa sababu kukaa saa nne na zaidi bila kujongea kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni, na umri nao unaiongeza. Kabla ya kulipa nauli namuuliza kondakta swali moja: tutachimba dawa wapi? Mabasi ya usiku, yaliyopigwa marufuku miaka ya 1990, yaliruhusiwa tena mwaka 2023. Ujanani ningeyashangilia, maana yangeniokolea pesa ya kulala. Yamerudi wakati usingizi nikiukosa usiku mmoja naulipa siku mbili.

Hata ninachokifuata kimebadilika. Zamani ilikuwa mapango ya Amboni, kutambaa kwenye penyo na kutishana gizani. Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, tulipapita tu tukikimbilia Pangani. Siku hizi nateremka hapo na kukaa mpaka jua linanifukuza.

Hayo yote yanatibika. Lisilotibika ni hili swali: umefikia kwa nani? Nilipokuwa sina kitu nililala kwa ndugu, na hakuna aliyeona ajabu. Sasa hela ya gesti ninayo, ndipo ugomvi unapoanzia. Nina binamu Lushoto. "Dada, ulale gesti na mimi nipo? Majirani watanielewaje?" Na ukifikia kwake, safari imekwisha. Asubuhi chai na mihogo, mchana kuna shangazi hajasalimiwa, jioni kikao cha shamba la urithi. Unarudi Tanga na viazi vya zawadi, Irente hujaiona.

Wapo wanaoshauri ndugu asiambiwe kabisa. Sikubaliani nao. Atajua tu, Lushoto si London, na atakuwa na haki ya kuchukia. Mimi napiga simu mapema, nampa siku yake nzima, nampelekea nazi na dagaa, nakula kwake mpaka kushiba, kisha kulala nakataa. Mara ya kwanza alininunia. Nikamwambia sitaki kufikishwa siku ya tatu nikapewa jembe, akacheka, ingawa bado anawaambia majirani kwamba nina semina.

Kutoka nyumbani nako kunahitaji mipango. Januari ni ya ada, haiguswi. Tarehe za kliniki ya mama nazo haziguswi, na lazima apatikane wa kumpeleka endapo safari itachelewa kurudi. Safari zangu ni fupi kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya magoti.

Mwezi ujao nakusudia Pangani, nipande mashua hadi Maziwe, kile kisiwa cha mchanga kinachozama maji yakijaa, kwa hiyo lazima nifuate saa za bahari. Pangani sina ndugu hata mmoja. Mama ameshaanza kuulizia.