Siku Ami Alipotia Nanga

Ami yangu ni nahodha wa mashua pale Bandari ya Kale, Mombasa, na ukimsikiliza barazani utadhani hakuna kitu baharini ambacho hakijawahi kumkimbia. Jumapili moja ya tanga mbili, kaskazi imeshaaga na kusi haijaingia, akatuchukua kuvua samaki aina ya changu nje ya mwamba wa Nyali. Bahari shwari, joto la kukaanga, na juu yetu wingu moja jeusi limejikalia tu.

Tulikuwa ami, mpishi, mimi na kijana wa Kisumu anayetutengenezea mashine. Sufuria ya mkaza ami, yenye wali wa nazi na samaki wa kupaka, ilikaa omo, mbele ya mashua, na jiwe juu ya kifuniko. Jiwe hilo lilikuwa la kunizuia mimi.

Mpishi ndiye aliyeona kwanza. Chini ya wingu kilikuwa kimeteremka kitu, mfano wa mkonga wa ndovu, na pale kilipogusa maji pakazunguka manyunyu meupe.

"Chamchela!" ami akapiga ukelele. "Jini huyo! Kashuka kunywa maji!"

Kijana wa Kisumu hata hakusimama. Kwao ziwani vimbunga hivi vya majini huviita nyakoi. Akatueleza polepole kwamba hakinywi maji yoyote: ule mkonga ni ukungu wa wingu lenyewe, cha bahari ni yale manyunyu ya chini tu. Kitazameni, akasema. Kikisogea kushoto au kulia, chapita zake. Kikibaki pale pale na kuzidi kunenepa, chaja kwetu, na hapo twakata pembeni, hatukimbii mbele yake.

Kikazidi kunenepa.

"Ami, tukate pembeni," nikasema.

"Mwanangu, wanifundisha bahari?"

Ami alikuwa na dawa zake. Ya kwanza ni mizinga. Mabaharia wa Kizungu wa zamani walikuwa wakiupiga mkonga mizinga ili ukatike, na hilo ni kweli, ila mizinga yetu iko Fort Jesus ikipigwa picha na watoto wa shule. Ya pili ni adhana. Akaadhini, na siwezi kumdhulumu, sauti anayo. Ya tatu ni sadaka.

"Mpe chakula!"

Mpishi akaikumbatia sufuria, akaondoa jiwe, akaondoa kifuniko, akasita, kisha akafumba macho na kuitupa yote na sufuria yake. Tui likatanda juu ya maji. Kichwa cha changu kikaibuka, kimepakwa vizuri, kikatutazama na kuzama. Nakwambia njaa iliniuma kuliko hofu.

"Tia nanga tusipeperushwe!"

Huko nje ya mwamba kina huporomoka ghafla, na nanga ya mashua haifiki chini hata uiombee dua. Ami akainyanyua mwenyewe, akaibembeza, akairusha. Sote tukaisindikiza kwa macho. Kisha tukaitazama kamba, imejikunja miguuni pake, kavu, haijafungwa popote.

Wakati huo kijana wa Kisumu, bila kuomba ruhusa ya mtu, ameshawasha mashine na kutukata pembeni. Mkonga ukatupita kwa umbali kama wa kivuko cha Likoni, ukasinyaa katikati, ukawa uzi, ukakatika. Tukapata matone machache ya mvua, basi. Mikonga mingi ya namna hii haifikishi hata nusu saa, na nashukuru, kwa maana vya kutupa vilikuwa vimekwisha na ami ameanza kunitazama mimi.

Jioni barazani kahawa ikamiminwa, na mkonga ukawa umetufika ubavuni ukaing'oa nanga. Hakuna aliyebisha. Mkaza ami akatokea mlangoni, kifuniko mkononi.

"Na sufuria yangu?"

"Kaichukua jini."

"Jini gani huyo achukue sufuria aache kifuniko?"

Ami akanywa funda la kahawa. "Angekibeba na nini? Mkono mmoja sufuria, mkono mmoja nanga."