Mnada wa Kwenye Simu Umekosa Dalali

Hela ikishatoka kwenye simu yako, imetoka. Meseji inaingia, jina la mpokeaji linasomeka, makato yameshakatwa, na kuanzia hapo umebaki na imani tu. Kama unamtumia mama nauli aje kutoka Muheza, hakuna shida yoyote. Kama umeshinda mnada wa jokofu na muuzaji yuko Mwanza, humjui, na picha yake ya wasifu ni gari, shida ipo, na nashangaa jinsi tulivyoizoea.

Minada ya namna hii sasa imejaa kwenye simu. Kuna makundi ya WhatsApp ya mtaa na kurasa za Instagram zinazouza kila kitu, kuanzia baiskeli za mtumba hadi makabati. Picha inawekwa, maelezo mistari miwili, "bei inaanzia laki na nusu, mnada unafungwa saa tatu usiku." Watu wanapandishana: 160, 175, 180, kuna anayeuliza kama kompresa ni nzima na hajibiwi, kuna anayeandika 185 halafu anapotea. Saa tatu ikigonga, mwenye dau la juu anafuatwa inboksi na kuambiwa, "Hongera boss, tuma kwenye namba hii."

Sijui nani atayasoma maneno hayo Tanzania hii asishtuke. Ndiyo maneno ya matapeli, yale yale ya "ile hela itume kwenye namba hii." Muuzaji mwaminifu na tapeli wanaandika sentensi moja, na mnunuzi hana pa kuwatofautishia. Kwa hiyo kila mtu amejitengenezea ujanja wake. Mwenye shemeji Tandika anamtuma akakague mzigo. Asiye na shemeji anabembeleza alipe nusu kwanza, nusu nyingine akiletewa picha ya risiti ya basi. Wengine wanaacha kabisa, na hao ndio wengi. Muuzaji wa kweli ndiye anayeumia hapo, maana dau linakuwa dogo kwa sababu ya woga wa watu, wakati kitu chenyewe ni kizuri.

Sasa nenda pale Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga, asubuhi vyombo vinapoingia. Samaki wanamwagwa chini kwa mafungu: changu huku, tasi kule, kolekole mmoja mkubwa amewekwa peke yake, pweza kwenye ndoo. Wachuuzi wa baiskeli wamesimama na matenga yao, kina mama wa kukaanga wako mbele kabisa. Dalali anaanza bei chini na kuipandisha haraka kuliko unavyoweza kuhesabu, macho yake yanazunguka, mtu anainua kidole tu na bei imeshapanda. Fungu likimwangukia mama, dalali anamgeukia:

"Shikamoo mama. Unalipa saa hizi?"

"Marahaba mwanangu. Ngoja nikaange niuze kwanza, jioni nakuletea."

Anamwandika kwenye daftari, anahamia fungu linalofuata. Mvuvi hamuulizi mama anaishi Makorora au Sahare, na mama hamuulizi mvuvi lolote. Wote wawili wanadaiana na dalali. Mama asipolipa, dalali ndiye mwenye deni kwa mvuvi. Samaki wakikutwa wameshaharibika chini ya fungu, dalali ndiye anayepigiwa kelele, palepale mbele ya watu. Anakula kamisheni yake na hakuna anayeona kwamba hakuifanyia kazi.

Mnada wa kwenye simu umechukua kelele zote za mnada, ukamwacha dalali nyumbani. Huo ndio msimamo wangu, na ndiyo maana nataka kuzungumzia PayPal, huduma ya Marekani ya kulipana mtandaoni ambayo vijana wengi hapa Tanga wanaijua kwa jina tu au kwa hasira.

PayPal haikuanzishwa kwa ajili ya minada. Ilitokana na kampuni iliyoitwa Confinity, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, na wazo lao la mwanzo lilikuwa watu kurushiana hela kati ya vikompyuta vya mkononi vya Palm Pilot. Wazo hilo halikufika mbali. Kilichotokea ni kwamba wauzaji wa eBay, mtandao wa minada, waliigundua wenyewe. eBay ilikuwa imeanza Septemba 1995, ikiitwa AuctionWeb, na kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa tochi ya leza iliyoharibika, kwa dola 14.83. (Mwanzilishi wake, Pierre Omidyar, alimwandikia mnunuzi kuhakikisha kama ameelewa kwamba ni mbovu. Alikuwa ameelewa, alikuwa anakusanya tochi mbovu. Laiti wauza majokofu wetu wangekuwa na desturi hiyo ya kuuliza.)

Kabla ya PayPal, ukishinda mnada wa eBay ulikuwa unatuma hundi kwa posta, muuzaji anaipeleka benki, anasubiri ikubaliwe, ndipo anafunga mzigo. Ilikuwa hadithi ya wiki na wiki. PayPal ilipotokea, wauzaji wakaanza kubandika nembo yake kwenye matangazo yao bila eBay kuwaambia. eBay ilikuwa na huduma yake ya malipo, Billpoint, ikaisukuma kwa nguvu, watu wakaikataa. Mwaka 2002 eBay ikasalimu amri na kuinunua PayPal kwa dola bilioni 1.5. Zilikaa pamoja mpaka 2015 zilipotenganishwa, na baadaye eBay ikahamishia malipo yake kwa kampuni nyingine, ingawa mnunuzi bado anaweza kuchagua PayPal.

Wengi wanadhani watu waliipenda kwa sababu ya haraka. Haraka ilisaidia, lakini haraka hata sisi tunayo, tena kuliko wao; M-Pesa iko hapa tangu 2008 na hela inafika kabla hujaweka simu mfukoni. Walichopata wao ambacho sisi hatuna ni mahali pa kulalamikia. Ukilipia bidhaa kwa PayPal, muuzaji haioni namba ya kadi yako. Mzigo usipofika, au ukifika si ule uliotangazwa, unazo siku 180 za kufungua mzozo. Mnapewa nafasi ya kuelewana nyie wawili, na mkishindwa unaugeuza kuwa dai, wao wanaomba ushahidi na kuamua. Kwa kawaida hawakai na hela mpaka mzigo ufike, hilo lieleweke. Muuzaji anaiona kwenye akaunti yake mapema. Ila mzozo ukifunguliwa, ile hela inaweza kushikwa na kurudishwa. Muuzaji anajua hivyo tangu siku ya kwanza, na ndicho kinachomfanya aeleze ukweli kuhusu kompresa.

Ina mashimo yake, na watu wetu wanatumbukia kwa sababu hawasomi. Shimo kubwa ni ule mlango wa kutumiana hela kwa ndugu na marafiki. Muuzaji anakuambia, tena kwa upole, "tuma kama rafiki tusikatwe." Ukikubali, umejivua ulinzi wote, maana hiyo kwao ni zawadi na zawadi haina madai. Mtu usiyemjua akikuomba umlipe kama rafiki, funga mazungumzo. La pili, magari hayamo. Hili linatuhusu sana watu wa bandarini, maana kila mtu hapa ana binamu anayeagiza gari kutoka minada ya Japani. Ulinzi wa mnunuzi wa PayPal haugusi magari. Huko silaha yako ni karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi yenye alama: gari lenye 4 au 4.5 ni zuri, na lenye R limeshagongwa na kutengenezwa. Omba karatasi yenyewe, usikubali kusimuliwa, na malipo yapitie benki kwenda akaunti yenye jina la kampuni, si jina la mtu.

La tatu ni kubadilisha fedha. Kadi yako ni ya shilingi, bei ni ya dola, na PayPal ikikubadilishia yenyewe inaweka faida yake juu ya kiwango cha soko. Linganisha na benki yako kabla ya kubonyeza. Basi.

Lakini hayo yote ni ya mnunuzi. Kwa muuzaji wa Tanga habari ni chungu zaidi. Kwa miaka mingi akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania ilikuwa ya kulipa tu, kupokea hapana. Yaani tuliruhusiwa kuingia mnadani kama wanunuzi, mikono mitupu, na mafundi wetu wakabaki nje. Mama anayesuka mikeka ya ukindu ambayo mgeni angeigombania, alitakiwa auze kwa mtalii anayepita au asiuze. Wakati huohuo ukivuka Horohoro tu, ukaingia Lungalunga, mwenzako Mkenya anapokea hela, na tangu 2018 anaihamisha moja kwa moja kwenda M-Pesa yake.

Watu wa Tanga na Mombasa ni ndugu, kwa hiyo unajua kilichofuata. Kila mtu alitafuta shangazi. Biashara inafanywa hapa, akaunti ni ya shangazi wa Likoni, hela inaingia kule na kuja huku kwa njia za kifamilia. Naelewa kwa nini watu walifanya hivyo na siwezi kuwalaumu, lakini siwashauri. Masharti yao yanataka akaunti itumiwe na mwenyewe. Wakiona shangazi wa Likoni anauza mikeka inayosafirishwa kutoka Tanga, wanaweza kuifunga akaunti na kuzuia hela hadi siku 180. Na hapo unayemdai ni shangazi, si kampuni ya Marekani, na ugomvi wa aina hiyo unaujua unavyoishia kwenye harusi.

Ndiyo maana mimi siombi PayPal ituokoe. Naona vifaa vya kumtengeneza dalali wetu tunavyo tayari, na vingine ni bora kuliko vyao. PayPal ilianza kumjua mtu kwa barua pepe. Sisi laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Anayepokea hela yangu ana jina, sura na vidole. Lipa namba ziko mpaka kwenye meza za wauza machungwa. Kinachokosekana ni kitufe kimoja. Nikilipia mnada, hela itoke kwangu, muuzaji aone kwamba imeshatoka na iko salama, lakini isiingie mfukoni mwake mpaka niseme mzigo nimeupokea, au mpaka siku kadhaa zipite bila mimi kulalamika. Kwa muuzaji hii ni kinga pia. Leo hii anatumiwa meseji ya kughushi ya "umepokea" na mtu anaondoka na simu yake. Mfumo ukishika hela wenyewe, hakuna meseji ya kughushi itakayomdanganya.

Kwa samaki, hapana. Samaki hawasubiri siku tatu, na dalali wa Deep Sea na daftari lake wanatosha, tena wana kitu ambacho hakuna programu itakayokuwa nacho, kumkopesha mama kwa sababu tu jana alilipa. Nazungumzia vitu vinavyopakiwa kwenye basi: simu, majokofu, cherehani, pampu, baiskeli.

Najua swali litakalokuja: mzozo ataamua nani? Jokofu limefika Tanga haligandishi. Muuzaji anasema lilikuwa zima, mnunuzi anasema lilikuwa bovu, kondakta anasema yeye alipakia tu. Ni kazi kweli, na hata PayPal wauzaji wanalalamika kila siku kwamba inawapendelea wanunuzi. Ila mzozo unaoamuliwa vibaya mara mojamoja bado unanipa mtu wa kumpigia. Na mengi yatapungua kwa kulazimisha video fupi ya kitu kikiwa kinafanya kazi kabla ya kufunga mzigo, ikae kwenye mfumo, isibaki kwenye simu ya muuzaji ambayo huwa "imeanguka kwenye maji" siku ya kesi.

Na gharama? Kwa miaka mingi Marekani muuzaji alikatwa asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila malipo, mnunuzi hakatwi kitu. Hapa kwetu mnunuzi ndiye anayeambiwa "tuma na ya kutolea." Analipa bei, analipa makato ya kutuma, analipa na ya mwenzake ya kutoa, halafu analala na wasiwasi juu yake. Mimi ningeigeuza: muuzaji akatwe, aiingize kwenye bei yake ya kuanzia kama anavyoingiza nauli ya bodaboda. Atakayeona ni nyingi aendelee kugawa namba inboksi. Baada ya mwezi alinganishe madau anayopata na ya jirani yake aliyekubali hela ishikwe, kwa jokofu la aina moja.