Usiongeze presha ya tabo Mbeya kabla hujapima mafuta

Juu ya meza yangu kuna pistoni. Naitunza tangu injini ya Forester yangu ilipofumuliwa, na kila kijana anayekuja kuniuliza habari za kuongeza presha ya tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili ishindilie hewa kwenye silinda, namkabidhi aishike kwanza kabla hatujaongea. Usoni haina kovu la kutisha. Igeuze ubavu: kati ya ringi ya kwanza na ya pili kuna pengo, kipande cha ukubwa wa kucha ya kidole cha mwisho kimemeguka. Plagi ya silinda hiyo hiyo nimeiweka pembeni yake. Kwenye kaure nyeupe inayozunguka ncha kuna vidoti vinavyong'aa kama fedha, ukipitisha kidole havitoki. Ni aluminiamu ya pistoni, iliyeyuka ikarukia pale ikaganda.

Ilianza kwa kazi ya nusu saa. Nilipeleka gari gereji kubadilisha oili, fundi akaniambia, “Kaka, gari yako imelala hii. Ngoja nikuongezee upepo kidogo, utanishukuru.” Na kweli lilikuwa limelala. Akachukua kivali kidogo cha shaba chenye skrubu, akakata mpira unaotoka kwenye tabo kwenda kwenye kopo la westigeti, akakipachika katikati. Kazi ya kopo hilo ni kufungua mlango wa pembeni presha ikifika kiwango, ili sehemu ya moshi ipite bila kuizungusha tabo. Kivali kinavujisha presha kidogo kabla haijalifikia, kopo linadhani kiwango bado, mlango unachelewa kufunguka, tabo inazidi kukaza mwendo. Geji ilikuwa inaishia bar 0.8, ikaanza kugusa 1.2. Tulilijaribu barabara ya Mbalizi, nikarudi nimejaa furaha. Mafuta hayakutajwa, si na yeye wala na mimi.

Msimamo wangu leo ni huu: presha ni nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi. Fundi anayekuongezea upepo bila kupima mchanganyiko wa hewa na mafuta gari likiwa kwenye mzigo hajamaliza kazi, hata kama umetoka getini kwake gari linaruka.

Petroli ikiungua bila kubaki mafuta wala hewa, kilo moja yake imekula hewa kilo 14.7. Ukiendesha taratibu mjini gari linashikilia hapo hapo. Lakini ukikanyaga hadi mwisho, tabo imejaa, injini nyingi za petroli zinahitaji mafuta zaidi, kiasi kwamba kwa kilo moja ya petroli hewa iwe kilo 11.5 mpaka 12 tu. Yale ya ziada hayakuwekwa yaungue; yanapoza. Yakigeuka mvuke yanachukua joto la ndani ya silinda. Yakikosekana, hewa iliyoshindiliwa inapata moto hadi mchanganyiko uliobaki pembeni unalipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Hapo ndipo injini inagonga. Sauti yake ni kama kokoto chache zikitikiswa kwenye kopo la bati, na ukifunga vioo na kuwasha redio huisikii.

Halafu kuna nozeli, zile zinazoinyunyizia injini mafuta. Injini ikiwa mizunguko 6,000 kwa dakika, kila nozeli ina milisekunde 20 tu kutoka zamu moja hadi nyingine. Ikishakaa wazi karibu muda wote huo, hakuna tena pa kuongeza. Sensa inaona hewa nyingi imeingia, kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inaagiza mafuta, lakini nozeli imefika mwisho wake. Ongeza na pampu iliyochoka au chujio lililoziba, presha ya mafuta inashuka pale pale unapoihitaji. Ndiyo maana gari linaweza kwenda vizuri kabisa kwa majaribio mafupi mjini, gia ya pili na ya tatu, kisha likafia mlimani kwenye gia ya nne.

Huku kwetu kuna jambo ambalo fundi wa Dar es Salaam anaweza kuishi bila kuliwaza. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa tunayovuta ni bar 0.83 hivi, wakati pwani ni 1.01. Geji ya tabo inaanza kuhesabu kutoka kwenye hewa ya mahali ulipo. Kwa hiyo bar 0.8 ya Dar es Salaam ni jumla ya 1.81, na bar 0.8 ya Mbeya ni 1.63. Ule usingizi wa gari langu ulianzia hapo. Kutaka kuufidia si dhambi. Tabo yenyewe ilijipatia jina mlimani: mwaka 1918 mhandisi wa Marekani, Sanford Moss, aliipeleka injini ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak, mita kama 4,300, akaonyesha kwamba tabo inairudishia injini nguvu inayopotea kwenye hewa nyepesi. Kwa hiyo simlaumu mtu wa Mbeya, Njombe au Makete kwa hamu hiyo.

Ila Mbeya kuna mteremko kila upande. Ukienda Kyela unashuka, ukienda Dar es Salaam utashuka Kitonga, na skrubu ya shaba haijui uko wapi. Kontrol boksi ilikuwa na vali yake ya umeme ya kutawala presha, nayo ilikuwa inazingatia hewa ya mahali. Kivali cha fundi kikaitoa kazini. Bar 1.2 niliyofungiwa Mbeya ilikuwa jumla ya 2.03. Kyela, kwenye mita kama 500, ikawa 2.15. Hewa imeongezeka, nozeli zilishafika mwisho, na joto la Kyela mnalijua.

Kwenda nilishuka salama. Kurudi tulikuwa watu wanne na magunia mawili ya mchele. Kutoka Kyela hadi Tukuyu ni kupanda tu, nikakuta lori, nikalipita kwa gia ya nne, mguu chini kabisa. Gari likakohoa mara moja. Nikadhani ni uchafu kwenye mafuta, nikaongeza. Kona mbili baadaye kwenye kioo nikaona moshi wa bluu umeifunika barabara nyuma yangu. Mchele ulifika Mbeya kwa Coaster, gari likafika kesho yake kwa kuvutwa.

Kwa hiyo anayeniuliza aanzie wapi, namwambia geji. Sensa ya oksijeni iliyokuja na magari mengi ya umri huu inajua jambo moja: mafuta yamezidi au yamepungua kuliko ile 14.7. Uko 11.5 au uko 13, haiwezi kukuambia, na tofauti hiyo ndiyo pistoni yangu. Funga sensa ya masafa mapana na geji yake, mtu wa pembeni aisome wakati wewe unaendesha. Ukiona namba inapanda kuelekea 13 presha ikiwa imejaa, ondoa mguu. Baada ya hapo ndipo uongelee pampu, nozeli kubwa na kupangwa upya kwa kontrol boksi, pamoja na taimingi kurudishwa nyuma, yaani plagi icheleweshwe kidogo kuwasha moto. Ni gharama, najua. Injini nzima ni gharama zaidi.

Wengine wanajibu kwa kumwaga mafuta ovyo. Moshi mweusi barabara nzima, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinalika. Na kama gari linakata mafuta lenyewe presha ikizidi, tafadhali usinunue kifaa cha kulidanganya. Yule ni mlinzi wako, amekuzuia mlangoni.

Tena magari haya mengi ya tabo yalitengenezwa yatumie petroli ya daraja la juu ya Japani, yenye oktani, yaani uwezo wa petroli kuhimili bila kugonga, karibu 100. Mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa yanashusha oktani, injini inagonga hata bila kuongezwa chochote. Dumu la kando ya barabara liache.

Injini ya sasa niliirudisha kwenye vali yake ya kiwandani, bar 0.8, na geji ya mchanganyiko nimeifunga karibu na usukani. Mwezi uliopita nilipanda tena kutoka Kyela na mzigo. Kwenye ule mlima geji ilisimama 11.6 haikucheza. Vioo nilikuwa nimevishusha vyote, redio nimezima, nikawa nasikiliza injini hadi Isyonje, ambako baridi ilinilazimisha kuvipandisha.