Bahasha ya mfuko wa kushoto

Uso wangu mnaujua, jina hamlijui. Mi ndo yule mzee anaingia katikati ya tamthilia, anamfokea mtu, anatoka. Nimeshakuwa mganga, askari, mwenye nyumba anaedai kodi siku ya msiba, na maiti mara mbili (maiti analipwa kidogo ila analala). Sura hii Mungu kanipa ya kudhulumu, dairekta mmoja aliniambia mzee wewe ukitabasamu tu watu wanashika mifuko yao.

Sasa nikapata tamthilia moja, nikawa baba mdogo anaemnyang'anya nyumba mtoto yatima anaitwa Zuhura. Ikapendwa mpaka ikawa kero. Mtaani nikaitwa Mla Yatima. Konda wa Mbagala ananirushia chenji kama anamtupia mbwa, na muuza mihogo kila nikipita "mzee, nyumba ushauza?"

Kitu msichokijua ni kwamba sisi wa daraja la kati nguo tunakuja nazo kutoka nyumbani. Staa anavalishwa, mi naambiwa mzee njoo na kanzu, koti na kofia ya kiua. Na ukishalivaa kwenye sini moja basi hilo koti sio lako tena, kuna binti wa kontinyuti, kazi yake kuhakikisha sini ya leo na ya kesho mtu anaonekana vile vile, anapiga picha kila kitu, kifungo kipi kimefungwa, saa iko mkono gani, masharubu ukinyoa bila ruhusa ni kesi. Na koti mi ninalo moja tu hapa duniani.

Ilikuwa hivi, kuna sini nilikuwa namhonga mtu wa ardhi. Bahasha ya kaki, ndani noti ya elfu kumi juu na nyingine chini, katikati gazeti la michezo limekatwa kwa mkasi saizi ya noti. Yule mtu wa ardhi kwenye skripti anakataa, mi naichukua naitia mfuko wa ndani kushoto. Kata! Binti akapiga picha akasema mzee hiyo bahasha ikae humo humo, sini ya mahakamani unamhonga nayo hakimu. Nikasema sawa. Koti nikarudi nalo nyumbani, nikalitundika.

Wiki mbili baadae mtoto wa marehemu kaka yangu anataka kuoa, binti wa Tanga, Ngamiani. Mi ndo nimemlea, kwaio mi ndo baba, mshenga, na nauli. Akanipa bahasha, laki nane taslimu, mahari na mkaja wa mama na kilemba cha mjomba vyote humo. Bahasha ya kaki. Nikaitia mfuko wa ndani, kulia, huyo stendi ya Magufuli alfajiri.

Tukafika mchana, jua la Tanga mnalijua. Tukapokelewa vizuri, majamvi, kahawa, mkate wa kumimina, mi natabasamu kumbe hapo ndo naharibu. Sebuleni kuna bibi wa binti, mtu mzima kweli kweli, kakaa karibu na TV, na TV inaonyesha nini? Marudio ya Jumamosi. Nimo. Kanzu ile ile, koti lile lile, kofia ile ile, namfungia Zuhura geti mvua inanyesha.

Bibi akaangalia TV, akaniangalia mimi. Akaangalia TV.

"Shikamoo bi mkubwa."

Kimya. Afu "marahaba", kama mtu anaelipa deni asilolikubali.

"Sisi Tanga waigizaji tunawajua," akasema, "marehemu Majuto alikuwa wa hapa hapa. Yeye alikuwa anatuchekesha."

Mjomba wa binti akajaribu kuokoa jahazi, akageuza maneno, haya mgeni tueleze, baba wa kijana yuko wapi? Nikasema alishatangulia mbele ya haki.

"Kwaio kijana ni yatima," bibi.

"Ndio bi mkubwa."

"Na wewe ndo baba yake mdogo."

"...Ndio."

"Na nyumba ya marehemu anakaa nani?"

Wallahi nyumba ya kaka nakaa mimi! Nakaa na huyo kijana mwenyewe, hati anayo yeye kwenye sanduku lake, lakini ukiulizwa hivyo huku nyuma yako TV inakuonyesha unachana hati ya mtu, hebu niambie utajibu nini. Kijana akadakia "bibi, ba'mdogo ndo kanisomesha", bibi akamwangalia kwa huruma hiyo, yani kama anaona maskini mtoto kashalishwa kitu.

Nikaona dawa ni kutoa hela, hela haibishani. Nikasimama, nikasema bismillahi, mkono ndani ya koti. Na miaka yote hii kazini mkono umezoea kushoto.

Mjomba akaipokea, bibi akamnyang'anya. Akafungua. Akatoa noti ya juu, akalamba kidole, akatoa ya pili, ikawa beki wa Yanga kakatwa kiuno.

Akafunua ya tatu, msimamo wa ligi.

Sikuwahi kusikia nyumba ya watu arobaini ikanyamaza vile, kwenye TV tu mi nasikika nacheka, ile heheheee yangu ambayo dairekta anaipenda. Nikatoa ya kulia haraka, jamani hii ndo yenyewe, ile ni ya kazini, nikaanza kueleza kontinyuti. Jaribu siku moja kumueleza bibi wa Ngamiani kontinyuti. Wakamwita kijana wa kibanda cha M-Pesa mtaa wa pili, akaja na ndala, akakagua noti themanini moja moja juani, akaziinua, akazipapasa, nyingine akazinusa sijui kwa nini. Saa nzima. Mi nimekaa kwenye jamvi hakuna alieniongeza kahawa.

Wakakubali. Ila wakatutoza faini kwa kuwadhihaki wakwe, na faini yenyewe bibi alikuwa ashajikatia, zile elfu ishirini za kwenye magazeti pamoja na bahasha yake.

Jumatatu kwenye seti kijana wa propu ananiuliza mzee bahasha iko wapi. Nikamwambia Tanga. Wakanikata elfu ishirini kwenye malipo, wakatafuta bahasha nyingine, hakimu akahongwa, maisha yakaendelea.

Siku sini ya mahakamani iliporuka hewani simu ikaita, namba siijui, kupokea sauti ya bibi, hata salamu hakuna:

"Ile ilikuwa imekunjwa pembe. Hiyo uliyompa hakimu siyo, yenyewe ninayo mimi huku."