Jiko la peleti halina kasoro kubwa. Peleti utanunua wapi?

Ukikuta jiko la peleti likiwaka jikoni kwa mtu, unaweza kuangaza macho kutafuta mtungi wa gesi ulipo. Haupo. Kilichomo ni punje za mbao, unene kama wa penseli, zilizotokana na vumbi la mbao na maranda yaliyoshindiliwa kwa joto na nguvu hadi yakashikana yenyewe bila gundi. Unajaza chemba, unawasha kwa juu, na feni ndogo ya betri inapuliza hewa. Mbao ikipata joto hutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayoungua. Ule moshi unaotutoa machozi kwenye mafiga ni gesi hiyo hiyo, ila imekosa hewa ya kutosha ikatoroka kabla ya kuungua.

Kwa hiyo wanaolisifu hawapigi chuku. Tanuri la udongo la kienyeji hula kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Peleti hazihitaji mti ukatwe kwa ajili yake. Pita Mafinga, wilayani Mufindi, karibu na msitu wa Sao Hill, uone vumbi la mbao lilivyorundikana nje ya viwanda. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Tanzania mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Vichwa vyetu vimekwenda moja kwa moja kwenye gesi, na taka ya Mufindi imesahaulika.

Lakini kabla hujatoa pesa, itazame Rwanda. Mwaka 2010 ilianzishwa kampuni ya Inyenyeri, makao yake Gisenyi. Wazo lake lilikuwa la akili: jiko mteja asilinunue, apewe alitumie, naye ajifunge kununua peleti. Wa kijijini asiye na fedha alileta matawi ya miti akabadilishiwa peleti. Huduma ilifika hadi kambi ya Kigeme kwa wakimbizi wa Kongo, na Benki ya Dunia ikaingia mkataba wa kuilipa kampuni kwa hewa ukaa ambayo majiko hayo yangeipunguza. Mwaka 2020 kampuni ikafunga. Jiko halikuwa limeshindwa kupika. Fedha za kuiendesha biashara ndizo zilizokosekana.

Watetezi watasema hiyo ni ajali ya kampuni moja, na kwamba hata gesi zamani ilikuwa ya wachache, leo mtungi wa kilo sita unaupata hadi kwa muuza duka wa mtaani. Hoja hiyo ina uzito. Ila gesi ilibebwa na kampuni za mafuta zenye mtaji na magari. Peleti zinaingia sokoni kupambana na mkaa, ambao mara nyingi mti wake haukulipiwa na ushuru ulikwepwa njiani. Mkaa unauzwa kwa kopo, na mama muuza mkaa anakukopesha hadi jioni. Mwenye kiwanda cha peleti hakukopeshi kopo.

Hata Ulaya, ambako jiko la peleti ni la kupasha nyumba joto, mwaka 2022 watu waliionja shubiri hiyo. Umoja wa Ulaya ulizuia mbao za Urusi, peleti zikiwemo, na bei ikapaa. Jiko lilikuwa sebuleni, limefungwa vizuri na bomba lake, lakini aliyeshika funguo zake ni muuza peleti.

Jikoni kwetu nako kuna mambo ambayo muuzaji hayasemi. Maharage yakigoma kuiva na chemba inakaribia kuisha, huongezi tu punje kama unavyoongeza mkaa; ukifanya hivyo moshi unarudi. Kusonga ugali kunataka jiko lisiloyumba. Betri ikikata, feni inalala. Peleti zikilowa zinavimba na kurudi kuwa vumbi, wakati mkaa uliolowa unauanika tu. Na moto ukififia, makaa yanayobaki chini hutoa hewa ya sumu, kwa hiyo dirisha liwe wazi hata kama huoni moshi.

Mimi ningeanzia kule kule kwenye vumbi: Mafinga, Njombe, kwenye shule na mama ntilie wanaopika sufuria kubwa kila siku na wako karibu na kiwanda. Kwa familia ya Mbagala yenye mtungi wa gesi tayari, sioni sababu ya kuuacha kwa sasa. Anayetaka kununua hata hivyo, amwambie muuzaji amwonyeshe duka jingine, lisilo lake, linalouza peleti hizo kwa kilo moja moja. Muuzaji akianza kuzungumzia ubora wa feni, mteja ajue jibu ameshalipata.