Nauli ya Bure kwa Wazee na Wenye Ulemavu: Swali la Nani Analipa

Anayedai wastaafu na watu wenye ulemavu wasafiri bure huulizwa jambo moja kabla hajamaliza kusema: nani atalipa? Wanaharakati wengi huliona swali hili kuwa mtego, wakalijibu kwa kuzungumzia utu, heshima na deni tulilonalo kwa waliotutangulia. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo naona wanakosea kulikwepa swali lenyewe, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama mzee atapokewa vizuri mlangoni mwa basi au ataachwa kituoni na kadi yake ya kusafiri bure mkononi.

Tazama Brazil. Katiba yake ya 1988, ibara ya 230, inampa kila aliyetimiza miaka 65 haki ya kusafiri bure katika usafiri wa umma wa mijini. Ni vigumu kuiweka haki mahali pa juu kuliko hapo. Lakini ibara hiyo haikusema fedha zitoke wapi, na katika miji mingi mzigo ukaangukia nauli za abiria wengine. Maana yake ni kwamba kijana wa mshahara mdogo, anayeishi pembezoni mwa mji na kubadilisha basi mara mbili kwenda kazini, anamlipia mstaafu hata kama mstaafu huyo ana nyumba za kupangisha. Na popote ambapo mwenye basi anahesabu mapato yake kwa abiria wanaolipa, asiyelipa ni hasara iliyosimama kituoni. Dereva akimwona anakanyaga mafuta. Simtetei dereva huyo hata kidogo, lakini mfumo uliompa sababu ya kufanya hivyo una kosa kubwa kuliko lake.

Uingereza ilijaribu njia nyingine. Tangu Aprili 2008, mzee au mtu mwenye ulemavu wa England aliye na kadi anapanda bure basi la kawaida popote pale England, na mamlaka ya eneo humlipa mwenye basi fidia. Kanuni ya fidia hiyo ni kwamba mwenye basi asipate faida kutokana na mpango huu, wala asipate hasara. Hesabu yake ina ubishi usiokwisha: kampuni zinasema fidia ni ndogo, halmashauri zinasema serikali kuu haizipi fedha za kutosha. Ubishi huo nauona afadhali sana, kwa kuwa unafanyika ofisini kati ya watu wenye mahesabu mezani. Abiria hajaachiwa augombee mlangoni mwa basi.

Wapinzani nao wana hoja nzito, na mfano wao bora uko Korea Kusini. Treni za chini ya ardhi za Seoul zilianza kuwabeba bure wenye miaka 65 na zaidi mwaka 1984, wakati watu wa umri huo walikuwa takriban asilimia 4 ya wananchi. Leo ni mmoja kati ya kila watano. Agizo lilitoka juu, lakini serikali kuu haizifidii kampuni za treni za miji, nazo kila mwaka hulalamika kwamba abiria wa bure wanaongeza deni lao. Mji wa Daegu ulianza mwaka 2023 kufungua mabasi kwa wazee, na mwaka 2024 ukaanza kupandisha umri huo kidogo kidogo kuelekea miaka 70 kwenye treni. Vijana wanauliza kwa nini wao, wasio na uhakika wa pensheni wala wa nyumba, wabebe ahadi iliyotolewa nchi ilipokuwa na wazee wachache. Swali lao halina dharau ndani yake, na asiyelijibu hatawapata upande wake.

Ila mahesabu ya hasara yana mahali yanapopwaya. Mara nyingi idadi ya safari za wazee huzidishwa kwa nauli kamili, na jumla yake ikaitwa hasara. Hesabu ya namna hiyo inadhani kila mzee aliyepanda bure saa 5 asubuhi angepanda na kulipa kama kadi isingekuwepo. Wengi wangebaki nyumbani. Treni ingekwenda vilevile, kwa umeme uleule na dereva yuleyule, na kiti kile kikiwa kitupu. Saa za msongamano ni habari tofauti, kwa sababu pale kila mwili unaoongezeka unadai behewa jingine au basi jingine, na hiyo ni gharama halisi. Mwanaharakati makini anapaswa kuzitenganisha saa hizo mbili kabla mpinzani hajamzidi maarifa.

Upande wa pili wa daftari hauandikwi kabisa. Seoul ina wazee wanaofanya kazi ya kupeleka vifurushi kwa treni, kazi inayowezekana kwa sababu hawalipi nauli. Mzee wa miaka 70 anabeba maua au nyaraka kutoka kituo hadi kituo, anatembea, anapanda ngazi, anaongea na watu, jioni anarudi na fedha yake mwenyewe. Huko England, watafiti wameihusisha kadi ya basi na wazee kutembea zaidi na kuwa na dalili chache za sonona. Faida hiyo inaingia katika bajeti ya afya, ilhali gharama imekaa kwenye bajeti ya usafiri, na maofisa wa bajeti hizo mbili aghalabu hawakai meza moja. Nikipewa nafasi ya kubadilisha jambo moja tu katika mjadala huu, ningewakalisha pamoja.

Kuna pingamizi la mzee tajiri, na hili silipuuzi. Jimbo la Illinois, Marekani, lilianza mwaka 2008 kuwabeba bure wazee wote bila kuangalia kipato. Mwaka 2011 nafuu hiyo ikabanwa, ikabaki kwa wenye kipato cha chini, baada ya mashirika ya usafiri kulalamikia mapato yanayopotea. Haki inaonekana iko upande wa waliobana: kwa nini mwenye mali asilipe? Tatizo ni kwamba kuthibitisha umaskini ni kazi yenyewe. Inahitaji fomu, nakala, foleni na ofisi ambayo huenda ikakutaka upande basi kuifikia. Anayeshindwa kuzijaza mara nyingi ni mjane asiyeona vizuri, yuleyule aliyekusudiwa. Na mzee tajiri ana gari; akipanda basi mara moja kwa mwezi, hajaila bajeti ya mtu.

Pamoja na hayo, nakiri kwamba umri peke yake ni kigezo dhaifu kuliko ulemavu. Mstaafu mwenye afya na pensheni nzuri anaweza kuendesha gari au baiskeli, au akalipa nauli bila kuumia. Kipofu hana chaguo la kuendesha, na ulemavu wenyewe una gharama ambazo wengine hatuzioni: vifaa, dawa, mtu wa kukusindikiza. Kwa hiyo mahali ambapo fedha kweli hazitoshi, ningeanza na watu wenye ulemavu, na ningeanza nao pamoja na wasindikizaji wao. Kadi inayomwacha msindikizaji alipe nauli kamili imempa nusu ya safari mtu asiyeweza kusafiri peke yake.

Nasema hivi nikijua hatari yake. Mwaka 2014, South Yorkshire huko Uingereza ilipofuta safari za bure za treni kwa wazee na watu wenye ulemavu, makundi yote mawili yaliingia kwenye treni pamoja na kukataa kulipa, wiki baada ya wiki, hadi sehemu ya nafuu ikarudishwa. Wangekuwa wametenganishwa mapema, mmoja akipewa na mwingine akinyimwa, sidhani treni zile zingejaa. Kupanga nani aanze ni kazi ya bajeti, na kampeni isikubali kugawanywa kwa ajili yake.

Kisha kuna jambo ambalo nauli haiwezi kulitatua. Tarehe 5 Julai 1978, watu 19 wenye ulemavu walizuia mabasi kwenye makutano ya barabara mjini Denver, Marekani, wakalala barabarani hadi kesho yake. Hawakuomba wasamehewe nauli. Walitaka mabasi yenye vifaa vya kupandishia viti vya magurudumu, na kilio chao kilikuwa kwamba watapanda. Wapo wanaoutumia ukweli huu kusema fedha zote ziende kwenye lifti na mabasi yenye sakafu ya chini yasiyohitaji ngazi, habari ya nauli isubiri. Siwaungi mkono, kwa sababu mzee anayepanda ngazi bila shida lakini hana nauli naye amebaki nyumbani leo. Lakini kampeni inayodai kadi bila kuuliza kama basi lenyewe linapandika inaipa serikali njia rahisi ya kuonekana imetenda.

Halafu tuangalie saa. Kadi ya England inaanza kazi saa 3:30 asubuhi siku za kazi, kwa sababu ya msongamano ule nilioutaja. Kwa mstaafu aendaye sokoni, kusubiri hakumgharimu kitu. Kijana kipofu anayeanza kazi saa 2 asubuhi ana kadi hiyohiyo. Halmashauri nyingine zimeondoa kikomo hicho kwa watu wenye ulemavu, nyingine zimekiacha. Anayeishi chini ya zile zilizokiacha hulipia safari ya kwenda kazini kila siku, akarudi bure jioni.